Betri Kwenye Pamba ya Mkwe

Jumatatu, 9 Juni 2025. Bariadi.

Nimeficha jambo, na kwa kuwa moyo wangu hauna safari ndefu tena, naliandika. Mlango wa chumba changu haufungwi kwa ajili ya sala. Rachel, mke wangu, anaamini nasali. Mektilda, mke wa mwanangu Elia, anaamini nasali. Jumuiya nzima inaamini. Uongo mtupu! Humu ndani natengeneza mashine ya michezo.

Ni ya Flora, mjukuu wangu anayesoma chuo Mwanza. Kidude cha kushika kwa mikono miwili, kioo katikati, vitufe pembeni. Kilikufa. Alikiacha hapa Pasaka akaniambia mimi babu yake, "Guku, hii maiti, izike." Sikuizika. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote ya kazi; siwezi kuzika kitu chenye waya. Tukapanga kwa simu: tunatoa matumbo ya zamani, tunaweka bodi ya kompyuta ndogo kama kiberiti, kadi yenye michezo ya zamani, kioo kipya, na betri yoyote itakayopatikana.

Vifaa vilikuja kwa basi ndani ya boksi la biskuti. Rachel akasema mgonjwa wa moyo hali biskuti, akanyoosha mkono afungue. Nikasema ni vitabu vya sala. Hapo ndipo uongo ulipoanzia. Daktari amenikataza moshi, hasira na kazi za mikono. Sala hakuikataza.

Tatizo ni pamba. Mavuno yote ya Mektilda yamo humu chumbani, mafurushi sita yaliyofungwa kwa shuka, yamepangwa hadi darini, kwa sababu mlango wangu ndio wenye kufuli la maana. Mimi nayeyusha risasi kwa chuma cha moto, na nikinyoosha mguu nagusa pamba kavu. Naogopa. Lakini naogopa huku naendelea kulehemu.

Jumanne, 10 Juni

Jaribio la kwanza. Hakikuwaka.

Moshi mwingi. Rachel akauliza mlangoni harufu hiyo ya nini. Nikasema ubani. Akaondoka kwa kunyata, kwa heshima! Kabla ya chakula cha mchana habari ilikuwa imefika kwa Marcelo, na Marcelo mwenyewe akawa amefika kwangu.

Marcelo ni mwalimu mstaafu kama mimi, mwenyekiti wa jumuiya yetu, mgonjwa wa figo. Tumeshindana tangu tulipokuwa vijana wa chaki: nani ana darasa tulivu, nani ana baiskeli, nani ana wajukuu. Sasa tunashindana kufa. Anaongoza. Ameshajenga kaburi lake, lina vigae vya bluu, na anawapeleka wageni kuliona kama mtu anayeonyesha choo kipya. Hatishiki kabisa! Anasema yuko tayari hata kesho. Mimi nikisikia neno "kesho" likisemwa namna ile, mikono hupata baridi.

Akaniuliza ninaomba nini muda wote huo. Nikajibu, kifo chema. Marcelo akasema ananionea wivu mtakatifu. Niliutazama uso wake. Wivu ulikuwepo. Utakatifu sikuuona.

Alhamisi, 12 Juni

Siku mbaya. 

Betri niliyotumia ni ya simu ya zamani ya Rachel. Niliichaji kwa chaja ya taa ya sola. Nilijua kabisa haifai. Nimewaeleza wanafunzi wangu maelfu ya mara kwamba haifai! Asubuhi nikaikuta imevimba kama andazi. Betri ya namna hii ikivimba ni gesi. Ukiibonyeza vibaya au ukiitoboa, inawaka yenyewe, na huo si moto wa kuzima kwa kikombe cha maji.

Nilikuwa nimeishika kiganjani nikiitazama, Rachel akafungua mlango kuniletea dawa. Nilikuwa nimesahau kufunga, naye hakubisha hodi. Nikaisukuma kwenye furushi lililo karibu. Ndani kabisa, mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia napapasa nione kama pamba ni kavu. Akasema ni kavu, nimeze dawa.

Nikawaza: akitoka, naitoa. Hakutoka. Akanishika mkono akanipeleka uani nikaote jua. Marcelo alikuwa amekaa huko na shauri lake: haifai mtu wa sala kupumua vumbi la pamba, chumba chake kiwe kitupu kama cha mtawa. Rachel akaona hilo ni neno la hekima. Nikiwa nimeketi pale kwenye kiti, na blanketi magotini, nikaona mafurushi yakitoka. Rachel anayasukuma hadi mlangoni pangu, Mektilda anayapokea nje, anavuka nayo uani hadi chumbani kwake. Moja. Jingine. Yote sita. Yote yana shuka za rangi moja!

Nikasema, aah, aah, yaacheni, hayanisumbui. Marcelo akaniambia nisijitese, unyenyekevu una kiasi.

Sasa betri iko kwenye chumba cha mkwe wangu. Baba mkwe haingii chumba cha mke wa mwanawe. Haipo hiyo. Si kwa wagonjwa, si kwa walimu wa fizikia. Hata kutazamana usoni hatutazamani. Salamu zetu hupitia kwa Rachel. Na Elia mwenyewe, ambaye angeweza kuingia, yuko Lamadi kwenye biashara ya samaki mpaka mwisho wa mwezi.

Mektilda analala humo. Pamoja nayo.

Nimwambie Rachel? Nitamwambia. Jioni.

Ijumaa, 13 Juni

Sikumwambia. Alikuwa amechoka.

Badala yake nimebuni mpango mzuri. Nikasema pamba ianikwe tena juani, inaonekana ina unyevu. Ikimwagwa juani, betri inaonekana, mimi niko karibu na kiti changu, naifunika na blanketi, mambo yameisha. Rachel akaenda, akabonyeza mafurushi yote (akayabonyeza!), mimi nimefumba macho nikisubiri mlio. Akarudi. Akasema pamba imekauka mpaka inacheka, na tangu lini mimi najua pamba, mtu ambaye siku ya kupalilia alikuwa akiumwa kichwa kila mwaka.

Nimempigia Flora. Nikamuuliza kwa jumla tu, kwa faida ya elimu, betri iliyovimba ikilaliwa inakuwaje. Akacheka. Akaniambia, kwa utani wetu wa babu na mjukuu, "Mume wangu, mbona unataka kuniacha mjane kabla sijamaliza chuo? Iweke kwenye mchanga, mbali na kitu chochote kinachoshika moto." Nikamuuliza kitu kama nini. Akasema, kama karatasi, nguo, pamba.

Nikakata simu.

Jumamosi, 14 Juni

Mpango wa pili: kukata roho.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Mzee akizidiwa, mkwe hulala barazani kwa mzee, siyo chumbani kwake. Basi nikaanza kuzidiwa jana mara baada ya uji wa jioni. Niliguna. Nikaita jina la marehemu mama yangu. Nilifanya vizuri mno, kwa kuwa katikati ya kuguna hofu ya kweli ikaingia, nikawa siigizi tena. Nikamshika Rachel mkono, nikakataa kuuachia. Akasema taratibu, "Jilala, mimi nipo." Ni nadra aniite jina.

Mpango ulifaulu! Mektilda alitandika mkeka barazani, chini ya dirisha langu, akakaa macho mpaka kunakucha. Nilimsikia akipiga miayo na nikafurahi kila mwayo.

Asubuhi nikapata nafuu. Nikamuuliza Rachel mkwe yuko wapi. Akasema maskini, hajalala hata kidogo kwa ajili yangu, amekwenda kujilaza. Kitanda chake kinamuumiza mgongo, kwa hiyo amelala juu ya mafurushi.

Juu ya mafurushi!

Nikazidiwa tena. Safari hii Rachel alinipa kidonge tu.

Jumapili, 15 Juni

Jumuiya ilikuja baada ya Misa. Niliwaza sana usiku, nikaona nitumie sifa yangu mpya. Nikawaambia watu wote, Marcelo akiwemo, kwamba wakati wa sala nilipata mzigo moyoni juu ya pamba ya Mektilda. Kwamba pamba hiyo isikae chumbani. Itolewe nje, ifunguliwe, ibarikiwe chini ya anga.

Wengine wakapiga ishara ya msalaba. Nikaona mambo yamekaa sawa. Ndipo Marcelo aliposimama, kwa kuwa hawezi kuniachia hata ufunuo mmoja. Akasema mzigo alioupata Mwalimu Jilala ni wa kweli, ila kuitoa pamba nje ni kualika wezi; itabarikiwa palepale ilipo. Akaomba mishumaa.

Mishumaa! Kila mtu na wake! Nikaona wanajipanga mstari kuingia chumbani kwa Mektilda na moto mikononi, wanaimba, na Marcelo mbele kabisa, anapenyeza mkono wenye mshumaa juu ya mafurushi ili kila moja lipate mwanga. Nta inadondoka.

Nilisimama bila fimbo. Sijui nilifikaje. Nilipiga kelele, "Zimeni! Zimeni mishumaa!" na mguu wangu wa kulia ukawa umevuka kizingiti cha mkwe.

Wimbo ulikatika. Mektilda aligeukia ukuta haraka, akajifunika uso kwa khanga. Rachel alinitazama kama mtu aliyemwona mumewe katembea uchi sokoni. Nikaurudisha mguu. Nikasema, nikitweta, kwamba sala ya gizani ina unyenyekevu zaidi.

Wakazima. Mama mmoja akalia kwa kuguswa. Marcelo alipopita karibu yangu akanong'ona kwamba nimemshinda, na kwamba hakujua kuwa nimefika mbali hivi.

Sijafika popote. Niko palepale kwenye kizingiti.

Jumatatu, 16 Juni

Heri! Rachel amesema kesho pamba inakwenda AMCOS, chama chetu cha ushirika, kupimwa. Yote. Inaondoka chumbani, inaondoka nyumbani. Nilikula ugali mpaka Rachel akashangaa.

Baada ya kula nikafikiri. Ghala la AMCOS lina pamba ya kata nzima. Furushi la Mektilda litamwagwa juu ya lundo la watu wote, watu watapanda juu ya lundo kulishindilia kwa miguu, kama wafanyavyo. Nimeona nyumba ya pamba ikiungua, nikiwa kijana. Hakuna anayekimbilia ndani.

Nimwambie Rachel? Akijua, atajua vyote: biskuti, ubani, mtu wa sala. Nitakufa nikiwa kichekesho, na Marcelo atakuja kwenye mazishi yangu akiwa mzima, ameketi mbele.

Nitakwenda nao. Nitaitoa kimya kimya.

Jumanne, 17 Juni

Nimerudi. Nimekwisha. Naandika yote.

Rachel alinikataza nisiende. Nikasema nataka kuona pamba ikipimwa mara ya mwisho. Neno "mwisho" hufungua milango yote siku hizi. Wakanipandisha kwenye mkokoteni, juu ya mafurushi, palipo laini. Ng'ombe wakaondoka. Kila shimo la barabara nilipiga sala ya kweli, ya kwanza tangu uongo huu uanze. Nilipapasa chini yangu njia nzima, nikiwa kama kuku anayetafuta yai lake. Sikuipata. Mektilda alitembea kando, hakuinua macho.

Kituoni watu wamejaa. Marcelo naye yupo, na kagunia kake. Kwandu, katibu wa AMCOS, ni mwanamke asiye na mzaha: msimu huu kuna waliotia mchanga na maji kwenye pamba ili iongezeke uzito, kwa hiyo kila furushi analifungua mwenyewe na kuzamisha mkono. La kwanza, safi. La pili, safi. La tatu, akasimama. Akautoa mkono taratibu.

Ilikuwa imevimba zaidi.

Watu walianza kucheka kabla ya kuelewa. Mmoja akamwambia Mektilda, "Mayu, umetuletea pamba yenye chaji!" Mwingine akauliza kama nayo inanunuliwa kwa kilo. Kwandu hakucheka. Akasema kitu kigumu ndani ya pamba ni uzito wa wizi, awe nani awe nani. Mafurushi yote sita yakae kando, hayapimwi, na jina la Mektilda litasomwa kwenye mkutano. Mwaka mzima wa mtu! Alilima, alipalilia, alipulizia dawa, alichuma kwa vidole vyake, mimi nikiota jua. Akainama, akaanza kulifunga upya furushi lililofunguliwa.

Nilikohoa. Nikakohoa tena. Naandika ukweli: nilitazama njia, nikahesabu kama naweza kuzimia.

Kisha nikasema, "Ni yangu."

Hawakuniamini! Hilo sikuwa nimelipanga. Marcelo akavua kofia. Akawaambia watu watazame, huyu ndiye mtu wa sala, anajitwika dhambi ya mkwe wake. Minong'ono ya kunisifu ikazunguka kituo kizima, na kila sifa ikamzamisha Mektilda zaidi. Nikapiga kelele kwamba mimi si mtu wa sala, mimi ni mwongo. Wakasema unyenyekevu ulioje!

Ikabidi niitoe. Ilikuwa mfukoni mwa koti. Nikaiinua mashine mbele ya watu: vitufe, kioo, waya zinaning'inia. Nikamwambia Kwandu atazame nyuma, kuna tundu. Akaipima betri hiyo kwenye tundu bila kuibonyeza. Upana sawa, urefu sawa, waya mbili nilizokata zinalingana na zile mbili za ndani, na jina la Rachel bado limeandikwa kwa kalamu pembeni, kama alivyokuwa akiandika kila kitu chake. Nikaeleza yote. Biskuti. Ubani. Mzigo moyoni. Kukata roho. Nikaeleza na itakavyowaka wakiendelea kuichezea, ndipo watu wakarudi nyuma mbiombio, na Kwandu akaipeleka mwenyewe kwenye mchanga, mbali, akiwa ameinyoosha mikono.

Pamba ikapimwa. Safi, daraja la kwanza. Jina halitasomwa.

Hakuna aliyecheka. Ningependa wacheke. Rachel alikaa chini kwenye mzani uliokuwa wazi. Mektilda akamwendea, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akanitazama usoni, sawasawa, lakini akasema na Rachel, kama desturi inavyotaka:

"Mama, mwambie baba nimelala juu ya betri yake. Mwambie na siku ile ya mishumaa alikuwa anajua nimo ndani."

Rachel akanigeukia aniambie. Nikasema nimesikia.

Alhamisi, 19 Juni

Jana sikuandika. Nilishindwa kukaa.

Elia amepiga simu kutoka Lamadi, amesema na mama yake tu. Marcelo amekuja, akatangaza kwamba jumuiya inanisamehe. Alipendeza sana, alipumua vizuri kuliko mimi. Mektilda ananiletea uji kama kawaida. Anauweka kizingitini na kuondoka kabla sijajikohoza.

Rachel amechukua chuma cha kulehemu, amekificha kwenye pipa la mpunga. Nimeshakitoa. Flora analeta betri nyingine wiki ijayo; tangu ile ipotelee kwenye pamba najaribia kwa umeme wa taa ya sola. Nimemwambia aiweke kwenye boksi la dawa, dawa hakuna anayeifungua.

Leo Rachel amekaa kitandani pangu, bila hasira, akaniuliza hicho kidude kilikuwa kinanishinda wapi, mimi mwalimu wa fizikia mzima, mpaka niwatie watu wote hatarini. Nikasema waya. Waya mmoja hushindwa kushika. Akatikisa kichwa, akanifunika miguu, akaenda zake.

Hakuna waya unaoshindwa kushika.

Kiliwaka. Kiliwaka Jumanne ile ya kwanza, mara ya kwanza nilipobonyeza. Matofali ya rangi yakaanza kushuka kwenye kioo, na muziki mdogo, na vitufe vyote vikaitika. Nikatazama meza. Hapakuwa na kitu tena cha kufanya. Kazi imeisha, mimi nimeketi, mlango umefungwa. Sijawahi kuogopa vile. Nikachukua chuma, nikaubandua waya wa kioo.

Tangu siku hiyo kila asubuhi naulehemu, kinawaka, naubandua.